Jua Ambalo Daktari Hakuliagiza

Kila asubuhi ya likizo ile ya Desemba, Aaliyah aliamka, akaswali, akabandika chai, kisha akachukua ufagio na kufagia uwanja wa ploti yao mjini Bungoma. Ilimbidi amalize kabla jua halijakolea. Jirani yao wa mlango wa pili, Nakhungu, ambaye wote walimwita Mama Kevin, alikuwa na mahindi ya kuanika. Yalitoka shambani kwao Kabuchai, na aliyatandaza kwenye turubai la buluu lililofunika uwanja karibu wote, wapangaji wakabakiwa na kijia chembamba cha kupita wakienda bombani.

Ploti ile ilikuwa na desturi yake. Mwenye mahindi huanika, na asiye na kazi siku hiyo hulinda kuku. Mlinzi hupewa kijiti kirefu na kigoda, na jioni hapungukiwi sahani ya mahindi na maharagwe.

Zamani hakuna aliyethubutu kumwambia mamake Aaliyah alinde kuku. Bi Sharifo alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na Desemba kama hii wateja walipanga foleni hadi nje. Babake Aaliyah alikuwa dereva wa lori la kwenda Juba, huonekana kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo mlio wa cherehani ndio uliokuwa moyo wa nyumba ile. Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa leso pembeni, kimya.

Mambo yalianza na jicho. Siku moja Bi Sharifo aliona ukungu katika jicho la kushoto, akadhani ni vumbi la vitambaa. Ukungu ulipotoka, mguu ukaanza kuburuta. Kisha mkasi ukawa unamponyoka. Watu wakasema yao, wengine wakataja uchawi. Hata Kevin, mwana wa Nakhungu aliyekuwa rika la Aaliyah, alimnong'onezea, "Ati mamako amerushiwa kitu. Si mimi nimesema, ni watu."

Mwishowe walipanda hadi Kitale kwa Daktari Chelangat, anayetibu maradhi ya neva. Baada ya vipimo na picha za kichwa, daktari alisema ni ugonjwa uitwao kwa kifupi MS. Alieleza kwamba ndani ya mwili mna askari wa kupigana na viini vya magonjwa. Kwa wagonjwa wa MS, askari hao hukosea adui, wakashambulia utando laini unaofunika neva. Kuna dawa ya kuwatuliza askari, lakini ya kuung'oa ugonjwa wenyewe haijapatikana. Tena damu ya Bi Sharifo ilionyesha kwamba vitamini D yake ilikuwa imeshuka mno.

Tangu siku hiyo Bi Sharifo alijifungia. Alilala nyuma ya pazia mchana kutwa, uso ukutani. Naye Aaliyah, mtoto wa miaka kumi na miwili, alimchunga mamake kama mtu anavyochunga maziwa jikoni, asijue yatafurika saa ngapi, wala atashika wapi yakifurika.

Walipokwenda Kitale mara ya mwisho, Bi Sharifo alichoka, akabaki kwenye benchi. Aaliyah ndiye aliyekwenda dirishani kuchukua dawa. Daktari Chelangat alikuwa akipita, akasimama naye.

"Hivi vidonge vya vitamini D ni kimoja kwa wiki," alimwambia. "Ile dawa kubwa aendelee nayo. Na usimwongezee jambo bila kuniuliza, sawa?"

"Sawa, Daktari."

Lakini kidonge kimoja kwa wiki! Waliporudi nyumbani, Aaliyah alikitazama kiganjani, akakiona kama punje moja ndani ya debe. Akamkumbuka Mwalimu Gathii, aliyewafundisha darasani kwamba jua likiangaza ngozi, mwili hujitengenezea vitamini D. Basi kwa nini kungoja wiki kupata tone, ilhali juu ya ploti yao kulikuwa na jua la kumwaga? Akatazama turubai la Mama Kevin. Mahindi yaliyofika yakiwa mabichi sasa yalilia kama kokoto ukiyatikisa. Kama jua liliweza kuyakausha yale, lingeshindwaje na ugonjwa?

Akaingia ndani. "Mama, twende nje ukae juani."

"Niache, mwanangu. Nani kakwambia mimi ni mahindi?"

"Jua ni dawa, Mama. Tulisoma shule."

"Basi wewe kaote kwa niaba yangu," Bi Sharifo akajibu, akavuta shuka.

Aaliyah alijua kwamba kwa wakubwa neno la mtoto ni upepo, lakini neno la daktari ni msumari. Akapigilia msumari.

"Daktari amesema."

Shuka likateremka. "Chelangat amesema hivyo?"

"Ndiyo. Pale dirishani. Amesema ukae juani sana, kwa sababu ya ile vitamini D."

Bi Sharifo alikaa kitako, akatafuta buibui lake. "Kama ni daktari, nipe mkono."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Bi Sharifo aliketi kwenye kigoda kando ya turubai, kijiti mkononi, akifukuza kuku. Kevin alipopita na mtungi alipiga saluti.

"Niaje, Inspekta! Leo umekamata wangapi?"

"Nitaanza na wewe," akajibu Bi Sharifo, "ulivyo na shingo kama ya jogoo." Akacheka. Aaliyah alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu mvua za masika, na kilimlewesha. Ule uongo mdogo ukawa hauonekani tena kama uongo. Ulionekana kama werevu.

Basi akaongeza. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, kisha hadi adhuhuri, mwisho hata baada ya adhuhuri, wakati mbwa wenyewe hujificha chini ya magari. Mama Kevin alitoka nje siku moja, akafunika macho kwa kiganja.

"Wee Aaliyah, hii jua ni kali, bana! Hata mahindi yangu ingekuwa na miguu, ingekimbia. Toa mamako hapo."

"Daktari ndiye alisema, Mama Kevin."

"Aa, kama ni daktari, basi mimi ni nani?" Akarudi zake ndani.

Kila alasiri Bi Sharifo alilalamika kwamba ukungu umerudi jichoni na mguu umekuwa mzito kama gogo. Asubuhi yake huamka nafuu. Aaliyah aliyaona hayo yote, kwa maana hakuna alichokiona kwa mamake asikitie moyoni. Ila aliyafasiri atakavyo. Hata sindano, alijiambia, huuma kwanza ndipo iponye.

Ijumaa moja jua lilichoma kuliko siku zote. Aaliyah alikuwa ndani akikuna nazi alipotambua kwamba muda mrefu umepita bila kusikia "Shii!" ya mamake. Akachungulia mlangoni.

Kuku walikuwa wamejaa kwenye turubai, wakidonoa kwa raha zao. Kijiti kilikuwa chini. Jogoo mmoja alikuwa amepanda magotini pa Bi Sharifo, naye hakumfukuza. Aliketi ameinamisha kichwa, jasho likimchuruzika hadi kidevuni.

"Mama!"

"Aaliyah?" Sauti ilitoka nzito, maneno yakivutana kama ya mtu aliyetoka usingizini. "Mbona... mmezima... mchana?"

Aaliyah alipunga mkono mbele ya macho ya mamake. Hayakufuata. Akamshika kwapani amwinue, akashindwa. Akamvuta tena, wakaanguka wote juu ya mahindi. Hapo akapiga ukemi ambao hata yeye hakujua alikuwa nao.

Mama Kevin na Kevin walikuja mbio. Walimbeba Bi Sharifo hadi ndani, chini ya mabati yaliyokuwa yakifuka joto kama chungu, wakamlaza. Mama Kevin akakimbia kutafuta gari kwa jirani. Mjomba Abdishakur, kakake Bi Sharifo mwenye duka la vipuri karibu na msikiti, ndiye aliyetangulia kufika.

"Subhanallah! Kumetokea nini?"

Aaliyah aliitazama ile sura ya mjomba wake, kali na yenye hofu.

"Aliteleza bafuni," alisema.

Kevin alikuwa bado mlangoni. Akageuka. "Bafuni? Si alikuwa kwa turubai?" akanong'ona.

"Nyamaza, Kevin. Tafadhali."

"Haya. Lakini hiyo ni yako, mimi simo."

Bi Sharifo alikuwa akitetemeka. Mjomba akadhani ni baridi ya homa, akamvingirisha katika blanketi zito, wakamwingiza kwenye gari la jirani, Probox. Vioo vilifungwa kwa sababu ya vumbi. Walipita Kimilili, wakapita Kiminini, na njia nzima Aaliyah alikuwa ameshika mkono wa mamake uliokuwa ukichoma kama pasi. Kila walipopita nyumba alijiambia, nitasema tukifika ile pale. Waliipita ile pale, wakaipita nyingine, hadi Kitale ikafika naye hajasema.

Daktari Chelangat aliwapokea mwenyewe. Alimulika macho ya Bi Sharifo, akagonga magoti yake, akakuna nyayo zake.

"Alikuwa na homa jana? Kikohozi? Maumivu akienda haja ndogo?"

"Hapana," alijibu Aaliyah. Yeye ndiye aliyejibu yote, kwa kuwa ulimi wa mamake ulikuwa mzito.

"Amekaa mahali penye joto? Juani, jikoni, au ameoga maji ya moto?"

Mjomba alikuwa akimwangalia. Daktari alikuwa akimwangalia.

"Hapana, Daktari. Aliteleza tu bafuni."

Daktari akashusha pumzi, akamgeukia Mjomba Abdishakur. "Basi naogopa ni shambulio jipya. Leo nitaanza kumpa dripu kali. Baadaye itabidi tufikirie kuacha dawa anayotumia, kwa sababu itakuwa imeshindwa. Iliyopo juu yake ina nguvu zaidi, lakini inadhoofisha sana kinga ya mwili. Akipata hata nimonia ndogo, itakuwa hatari. Singependa kufika huko."

"Daktari, wewe ndiye unajua," mjomba alisema, mikono imelegea ubavuni. "Sisi tutafanya nini?"

Muuguzi aliingia na chupa ya dripu, akaanza kutafuta mshipa. Aaliyah alisimama miguuni pa kitanda. Akaona mkono wa mamake ukipapasa hewani, ukagusa ukuta, ukarudi, ukapapasa tena. Akausogelea, akaukamata.

"Aaliyah," Bi Sharifo alisema, kila neno likija peke yake. "Mwambie daktari... nimefuata. Sikukosa... hata siku. Asi... asinikasirikie."

Mamake, akiwa gizani, alikuwa akiomba msamaha kwa kosa ambalo si lake.

"Ngojeni!" Aaliyah alilia. "Msimdunge! Ni uongo. Hakuteleza. Alikuwa juani, kila siku, mpaka alasiri. Mimi ndiye nilimweka. Nilimwambia daktari amesema, na hukusema, Daktari. Hukusema chochote. Nilisema mimi!"

"Aaliyah!" Mjomba alifoka. "Yaani umetupandisha mpaka Kitale na uongo mdomoni?"

Daktari aliinua kiganja. "Mwache kwanza, Mzee. Aaliyah, rudia polepole. Alikuwa akizidiwa alasiri, na asubuhi anaamka nafuu?"

"Ndiyo."

"Na leo?"

"Leo alikaa tangu asubuhi. Kisha tukamfunika blanketi."

Daktari alimwashiria muuguzi aweke dripu kando. "Fungueni madirisha. Toeni hilo blanketi. Leteni feni na taulo za maji baridi. Tumpime homa na mkojo, tuwe na uhakika hakuna kingine. Halafu tungoje."

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kubeba. Aaliyah alichovya taulo, akakamua, akaweka shingoni pa mamake, akalitoa likiwa vuguvugu, akachovya tena. Mjomba alikaa kwenye kona akivuta tasbihi, bila kumsemesha. Vipimo vilirudi, havikuonyesha maambukizi wala ugonjwa mwingine. Macho ya Bi Sharifo yalikuwa wazi, yakitazama dari bila kuiona. Aaliyah alipunga mkono mbele yake. Hakuna kitu. Akapunga tena baadaye. Hakuna. Alijua kuomba dua, akaomba. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kumpa mamake ila taulo lile.

Kivuli cha dirisha kilikuwa kimefika mlangoni Bi Sharifo alipogeuza kichwa, akakunja uso.

"Aaliyah, hiyo sandali moja ni ya nani?"

Aaliyah aliangalia chini. Mguu mmoja ulikuwa na sandali yake, wa pili ulikuwa na ya Kevin, kubwa kama mtumbwi. Katika harakati za mchana ule hakuwa ameona. Mamake ndiye aliyeona! Akaangua kilio, akauficha uso wake kwenye godoro.

Daktari Chelangat aliporudi alimpima tena Bi Sharifo, akatabasamu kidogo. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya Aaliyah.

"Neva ni kama waya wa stima," alisema. "Ya mamako imechubuka mahali mahali. Ikipata joto, habari hupita kwa taabu, au hazipiti kabisa. Mwili ukipoa, zinapita tena. Halikuwa shambulio jipya. Ungenyamaza, ningetibu kitu ambacho hakipo."

"Lakini Mwalimu Gathii alisema jua linaleta vitamini D."

"Na alisema kweli. Jua kidogo la asubuhi si adui. Tena ni kweli kwamba watu wenye vitamini D kidogo huonekana kupata ugonjwa huu zaidi kuliko wengine. Ndiyo maana nilimpima, na ndiyo maana nampa vidonge. Mifupa na misuli yake inavihitaji. Lakini kukosa kitu kukiwa kubaya, haimaanishi kukijaza pomoni ni dawa. Hata vidonge vyenyewe, ukimzidishia, vitamdhuru."

"Vitamponya?"

"Kuponya, hapana. Kama vitapunguza makali ya ugonjwa..." Daktari alitikisa kichwa. "Sijui, Aaliyah. Watafiti wamejaribu. Wengine wameona faida ndogo, wengine hawakuiona. Bado wanatafuta."

Aaliyah alimkodolea macho. Hakuwa amewahi kumsikia daktari akisema hajui.

"Unashangaa? Ningeweza kukudanganya ulale ukiwa na furaha," daktari alisema. "Wewe pia ulimdanganya mamako kwa kumpenda. Naelewa. Lakini mgonjwa hutembea kwa maneno tunayompa, kama asiyeona anavyotembea kwa fimbo. Ukimpa fimbo ya uongo, hata kama umeichonga kwa mapenzi, atatumbukia nayo. Jambo usilolijua, uliza. Jambo ulilokosea, sema mapema, hata kama magoti yanagongana. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Wa kuombwa yuko kitandani."

Usiku huo Bi Sharifo alilazwa ili waendelee kumtazama. Asubuhi aliona vizuri na ulimi wake ulikuwa mwepesi, lakini alipojaribu kusimama, mguu wa kushoto uliburuta, kama ulivyokuwa ukiburuta kabla ya jua na kabla ya turubai. Uzito huo haukuwa wa joto. Huo ulikuwa wa ugonjwa wenyewe. Mjomba alitoka kwenda kuleta gari. Aaliyah akapiga magoti kumvalisha mamake viatu.

"Mama, nisamehe."

Bi Sharifo alimwinua kidevu. "Nimekusamehe tangu jana. Lakini sikiliza. Miguu yangu siiamini tena, na macho yangu siyaamini. Nikianza kutokuamini na wewe, nitabaki na nini? Siku nyingine ukitaka nifanye jambo, usijifiche nyuma ya mtu. Sema, Mama, mimi Aaliyah ndiye ninayesema."

"Na ukikataa?"

"Huenda nikakataa. Nami nitakuwa nimekataa nikijua ninachokataa."

Aaliyah alifunga kamba za viatu polepole. Alipomaliza hakuinuka.

"Mama, mimi Aaliyah ndiye ninayesema," alisema. "Naogopa."

Bi Sharifo aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha pale.

"Hata mimi, mwanangu," alisema. "Hata mimi."